Salamu Isiyojua Kuaga

Kila chombo cha baharini kina tezi, kina omo na kina ngama. Tezi ni kule nyuma, anakokaa nahodha akijiona sultani. Omo ni mbele, penye upepo mwanana na mahali pazuri pa kupigia picha. Ngama ni chini tumboni, kwenye giza na harufu, maji yanakojikusanya yakimngoja mtu wa kuyafuta. Hakuna anayegombania kukaa ngamani. Ndiyo maana wa kale wakatuachia onyo: randa mbele, randa nyuma, lakini kazi uliyoikimbia inakungoja pale pale ulipoiacha. Onyo hilo lilitolewa kabla kompyuta haijaota hata waya mmoja, ila ukimuuliza Khubaib wa Kibokoni atakuapia kwamba lilitungwa kwa ajili yake yeye, na kwa ajili ya Alhamisi moja.

Khubaib alikuwa mwandishi wa programu katika yadi ya malori iliyoko Mbaraki, Mombasa, yadi iliyoitwa Tulizana ingawa hakuna aliyewahi kutulia ndani yake. Zamani, madereva waliotaka kuingia bandari ya Kilindini kuchukua makontena walipanga zamu zao langoni kwa sauti na viwiko. Mwenye koo pana ndiye aliyekuwa wa kwanza. Khubaib akawaundia tovuti. Dereva alifungua simu yake, akaiona zamu yake, kisha akajikalia kivulini na kikombe cha kahawa chungu mpaka aitwe. Majina, malori na zamu zote zilikaa katika hifadhidata, yaani ghala la ndani ya mtambo, na mlinzi wa ghala hilo alikuwa Mung'aro, kijana mpole wa sauti na mkali wa macho, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amemleta mkewe mjini kutoka Ganze.

Wawili hao walikuwa chanda na pete. Mchana walikula sahani moja, na utani wao ulikuwa kachumbari.

"Yakhe," Mung'aro alipenda kumwambia, "wewe mtu wa mji, kazi yako ya kwanza ni kuamka. Ya pili ni kuhadithia ulivyoamka."

"Na wewe kazi yako ni kunyamaza," Khubaib alijibu. "Siku utakayozungumza sentensi mbili, ofisi itafungwa kwa sherehe."

Sasa, Khubaib alikuwa na kitu kimoja kilichomkera katika tovuti yake mwenyewe. Ilifunguka kimya kimya, mfano wa mtu aliyekosa malezi. Dereva anaingia, haulizwi hali, anatupiwa zamu usoni kama mfupa! "Hii ni Mombasa au ni wapi?" alijiuliza. Akakaa, akaiandikia salamu. Kuanzia hapo, kabla ya kuiona zamu yake, kila mtu alipokewa kwa jina na kwa heshima yake. Aliyehiji aliitwa Haji, mwenye mvi aliitwa Mzee, na wale madereva wachache wa kike waliitwa Bi. "Sabalkheri, Bwana Dzoro. Umeamkaje? Nyumbani hawajambo?" Madereva walicheka hadi wakashika mbavu. Wengine waliijibu kwa sauti. Khubaib alikuwa ameijaribu peke yake, kwa simu yake, ikamwita Bwana Khubaib, naye akaona dunia imekamilika.

Mwisho wa juma ule ule, Mung'aro aliihamishia hifadhidata kwenye mtambo mpya. Jambo hili liwekwe akilini, kwa sababu hapo ndipo kesi ilipozaliwa.

Jumatatu tovuti ilianza kuugua. Asubuhi iliamka nzima, lakini jua likipanda na madereva wakiongezeka, kurasa ziligoma na kuandika neno moja tu: Imeshindikana kuunganishwa na hifadhidata. Walipouzima mtambo na kuuwasha tena, mambo yalitulia. Baada ya muda maradhi yalirudi, tena kwa kiburi.

Mung'aro alichungulia ghalani mwake, akaeleza kwa utaratibu. Kila ukurasa unapotaka kitu, alisema, huunganishwa na hifadhidata. Mtambo unaweza kuhimili miunganisho kadhaa kwa wakati mmoja. Ikijaa, anayekuja baadaye hurudishwa mlangoni. Alikuwa amekipandisha kikomo, lakini ugonjwa ulichelewa tu, haukupona. "Kuna mahali panapofunguliwa pasifungwe," alisema. "Nionyeshe msimbo wako, yale maagizo uliyoiandikia tovuti, tuutazame pamoja."

"Msimbo wangu?" Khubaib alishika kifua kama aliyetukaniwa mama. "Msimbo wangu umenyooka kama mnara! Hebu tuseme ukweli, ndugu yangu. Nini kilichobadilika? Ni mtambo wako. Tulikuwa tunakula na kulala salama, ukahama na virago vyako, tukaanza kulia."

Alisema kwa mzaha, na ofisi nzima ikacheka. Aliyekosa kucheka ni Bi Rispah, meneja wa yadi, mama kutoka Machakos ambaye miaka ya bandarini ilikuwa imemtoa uvumilivu wote na kumwachia macho tu. Alilichukua neno lile akaliweka. Mzaha wa Khubaib ukalala mzaha, ukaamka ushahidi.

Ikafika Alhamisi. Kabla jua halijakaza, dereva Dzoro alizipanda ngazi za ofisi, tumbo mbele na simu mkononi.

"Fundi! Sistimu yako ina adabu, lakini haina utu. Yaniuliza nimeamkaje. Nimeamka! Yaniuliza nyumbani hawajambo. Hawajambo! Sasa naomba zamu yangu, yanifungia mlango. Ni salamu gani hii ya kumpokea mgeni uani na kumnyima maji?"

Laiti Khubaib angelisikiliza, hadithi hii ingeishia hapo. Lakini sikio lake lilisikia sifa ya adabu tu. Alimtazama Mung'aro kwa jicho la "umeona?", na Bi Rispah, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaliona jicho hilo.

"Mung'aro," alisema, "wenye malori wananiambia turudi kwenye kelele za langoni. Siwezi kuwajibu kwamba nina wataalamu wawili na wote hawana kosa. Kama mtambo wako haujatulia leo kabla ya ofisi kufungwa, utanikabidhi funguo zako. Nitamtafuta mtu mwingine."

Mung'aro aligeuka polepole. Alimtazama Khubaib tu. Khubaib akainamia kompyuta yake.

Kumfukuzisha rafiki hakukuwa katika hesabu zake. Alikuwa ametaka kumtania, pengine kumchoma kidogo; sasa moshi ulikuwa umekuwa moto. Akaapa moyoni kwamba atamtafuta mkosaji popote alipo, na kwa kuwa alikuwa na hakika mkosaji si yeye, na hakutaka awe Mung'aro, ilibidi awe mtu wa tatu. Alikagua nywila, ilikuwa sawa. Akakagua anwani ya mtambo, ilikuwa sawa. Akaupitia msimbo wote kwa haraka, ila mistari ya salamu aliiruka. Mtu akiibiwa nyumbani, haanzi kumpekua mwanawe. Alikaa, akainuka, akakaa tena, akawa kama aliyekalia siafu. Mwishowe akachukua kofia yake na kutoka.

Kituo cha kwanza kilikuwa ofisi ya watu wa intaneti, kule katikati ya mji. Pale mezani alimkuta msichana aitwaye Ashley, ambaye alimsikiliza, akabofya, akasubiri, akasema laini ya yadi ni nzima.

"Hebu iangalie tena, dada."

"Nimeiangalia."

"Iangalie vizuri."

"Kaka, nimeiangalia mara zote hizi. Nikiiangalia tena itabidi nipeleke posa." Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. "Kama laini ingekuwa mbovu, ukurasa wenyewe usingefunguka. Wako unafunguka, unasalimu, ndipo unakwama. Tazama kwenu."

Khubaib alitoka amenuna. Akapanda tuktuk hadi Mama Ngina, kule ufukweni, akanunua mihogo ya kukaanga, akaipiga ndimu na pilipili, akakaa ukutani akitazama meli inavyoingia Kilindini taratibu, haina haraka na mtu. Hata hiyo ilimkera. Akampigia simu Arnold, aliyewauzia mtambo mpya.

"Arnold, mtambo wako ni mgonjwa."

"Wangu? Mung'aro aliupima mbele yangu siku nzima. Haukukohoa." Akashusha sauti. "Umeangalia msimbo wako?"

"Mbona nyote mna wimbo mmoja?"

"Labda kwa sababu ni wimbo mzuri."

Khubaib alikata simu. Pilipili ilikuwa imemwingia puani, au hivyo ndivyo alivyotaka aonekane. Alikuwa amezunguka nusu ya kisiwa, na alichovuna ni kiu. Kila alipofumba macho aliona funguo za Mung'aro mezani kwa Bi Rispah. Akamwona na yule mke mgeni wa mji, akiulizwa na majirani mbona mumewe yuko nyumbani mchana. Na aliyesababisha ni mzaha, mzaha mmoja tu, wa kuchekesha ofisi.

Simu ikalia. Alikuwa mama yake.

"Khubaib, shangazi yako amerudi Umra tangu juzi. Mji mzima umekwenda kumwamkua, wewe tu uliyesalia. Wataka aseme sikukulea?"

"Mama, leo maji yamenifika shingoni."

"Basi ogelea mpaka kwa shangazi yako."

Hakuna mwana wa Kibokoni anayeshindana na amri kama hiyo. Alikwenda, akipiga hesabu ya kuingia, kubusu mkono, kula tende moja na kutoka mbio. Swala ya alasiri ilikuwa imeshaswaliwa. Mlangoni mwa shangazi viatu vilikuwa vimerundikana mpaka kichochoroni; akavua vyake humo, na juu ya kizingiti alisimama binamu yake Lamis, ameshika sinia yenye tende na vikombe vya zamzam, jasho likimtiririka.

"Rudi baadaye," Lamis alisema hata kabla ya salamu. "Viti vimesha."

"Sitaki kiti. Nimekuja kusalimu tu."

"Kusalimu tu!" Lamis alicheka kicheko cha aliyechoka. Akasogeza pazia kwa kiwiko. "Hebu chungulia, shekhe. Wawaona hawa? Wote walikuja kusalimu tu. Tangu asubuhi! Kusalimu wamesalimu, tende wamekula, zamzam wamekunywa. Kuaga ndiko kulikowashinda. Wamekaa tu, na mama hawezi kumwambia mgeni ondoka. Kila anayebisha hodi sasa, namrudisha mie. Bi mmoja ametoka Likoni na fimbo yake, nimemrudisha! Nyumba ina nini? Haina kitu. Nyumba nzima, mlango mzima, mwenyewe mzima. Imejaa wasalimiaji tu."

Khubaib alibaki mdomo wazi, mkono wake umening'inia juu ya sinia. Alitazama viti. Alitazama rundo la viatu. Kusalimu wamesalimu. Maneno ya Dzoro yakamrudia, yaniuliza nimeamkaje, kisha yanifungia mlango. Ya Ashley yakafuata, unasalimu, ndipo unakwama. Kisha, kwa jicho la moyo, akaiona mistari ya msimbo aliyoiruka asubuhi, mmoja baada ya mwingine. Ili kujua huyu ni Haji, yule ni Mzee, salamu ilikwenda kubisha hodi kwenye hifadhidata. Ikafunguliwa, ikapewa jina na cheo, ikarudi kumsalimia dereva. Na ule muunganisho? Alitafuta mstari wa kuufunga. Alitafuta kichwani, akatafuta tena. Haukuwapo. Hakuwahi kuuandika.

Alipoijaribu peke yake, mgeni mmoja aliyekosa kuondoka hakuijaza nyumba. Ila madereva wa yadi nzima, kila mmoja akifungua ukurasa kutwa nzima kuchungulia zamu yake, kila mara akiacha nyuma yake msalimiaji mmoja ameketi, hana la kusema, hataki kuondoka!

"Ni mimi," alisema.

"Najua ni wewe, nakuona," alisema Lamis. "Chukua tende."

Lakini Khubaib alikuwa ameshageuka, anakimbia na viatu vya mtu mwingine miguuni. Kutoka ndani sauti ya shangazi ikauliza, "Nani huyo?"

"Khubaib, mama."

"Mbona hakuingia kuniamkua?"

"Ameaga kabla ya kusalimu!"

Tuktuk ilimfikisha Mbaraki madereva wakiwa wamejaa langoni, koo zimepanuka kama zamani. Alizipanda ngazi akihema. Mezani kwa Bi Rispah funguo zilikuwa zimeshawekwa, na Mung'aro alikuwa akikunja waya wa chaja yake polepole, kama anayekunja sanda.

"Bi Rispah, usizipokee hizo funguo."

"Umepata mkosaji?"

Hapa ulimi wa asali ulimgeuka ukawa gundi. Ofisi nzima ilikuwa ikisikiliza, ile ile iliyocheka Jumatatu. Angeweza kusema "tumepata hitilafu", au "kuna kitu kidogo". Maneno ya kujifichia alikuwa nayo tele. Alimtazama Mung'aro, akayaacha.

"Mkosaji ni mimi. Ni ile salamu yangu. Inafungua muunganisho, haifungi. Mtambo wa Mung'aro hauna kosa lolote, na haukuwa nalo. Aliniomba msimbo wangu tangu Jumatatu, nikamfanyia kichekesho badala ya kumpa."

Hakuna aliyecheka. Mung'aro aliuacha waya, akavuta kiti. "Njoo ukae," alisema. "Sasa nionyeshe."

Walikaa bega kwa bega mbele ya kompyuta ya Mung'aro. Mung'aro alifungua orodha ya miunganisho iliyokuwa wazi wakati ule, akailinganisha na msimbo. Karibu yote ilikuwa imetoka mahali pamoja, kwenye mistari ya salamu. Imekaa haifanyi kazi, haiulizi kitu. Khubaib aliuandika mstari wa kufunga. Mung'aro akamwonyesha auweke pale ambapo hata salamu ikikatizwa njiani, muunganisho utafungwa tu. Kisha wakamwomba Dzoro awaambie madereva wote wafungue simu zao kwa pamoja.

"Haya, waungwana!" sauti ya Dzoro ilipanda hadi dirishani. "Salimianeni na mashine!"

Mara ikapanda tena, "Fundi! Yasema imeshindikana!"

Moyo wa Khubaib ulidondoka hadi kwenye vile viatu visivyo vyake. Bi Rispah aliuweka mkono wake juu ya funguo. Mung'aro peke yake ndiye hakutikisika.

"Umewafundisha watakaokuja," alisema. "Wale wa tangu asubuhi bado wameketi. Tuwatoe kwanza."

Akauzima mtambo, akauwasha. Dzoro akawaambia tena. Safari hii kelele iliyopanda dirishani ilikuwa nyingine: mtu alitaja zamu yake, mwingine akataja yake, wa tatu akadai ameonewa, na lango likaanza kupumua. Wakangoja. Madereva walifungua na kufungua tena, mpaka wakachoka wenyewe na kurudi kwenye kahawa. Kwenye kioo cha Mung'aro, miunganisho iliingia na kutoka, iliingia na kutoka, kama watu wenye adabu zao.

Bi Rispah alizisukuma funguo mezani hadi zikamgusa Mung'aro kidoleni. "Hizi ni zako." Akamgeukia Khubaib. "Wewe nilikuwa nikutoe. Kilichokuokoa ni kwamba umesema mwenyewe, tena mbele ya watu. Sasa shuka langoni, uwaeleze madereva kwa nini wamepoteza juma zima. Yote. Bila mzaha."

"Bila mzaha hata kidogo?"

"Khubaib."

"Nashuka, Bi Rispah."

Alishuka, na Mung'aro akashuka naye, kwa sababu alisema hatakubali kuukosa mchezo huo. Khubaib alieleza, madereva wakamzomea kidogo, kisha wakachoka. Ni Dzoro aliyeuliza, kwa wasiwasi wa kweli, kama salamu itaondolewa.

"Itabaki," alisema Khubaib. "Imefundishwa kuaga."

"Na wewe?" Mung'aro aliuliza walipokuwa wakirudi ngazini. "Kutwa nzima ulikuwa wapi, yakhe? Nilidhani umekimbia."

"Nimekwenda kwa watu wa intaneti, nikatukanwa. Nimekwenda Mama Ngina, nikala pilipili. Nimempigia Arnold. Nimekwenda kwa shangazi, na hapa nilipo nimevaa viatu vya mgeni wake mmoja, Mungu amsitiri anavyorudi nyumbani."

"Na kosa umelikuta wapi?"

Walikuwa wamefika mlangoni mwa ofisi. Khubaib aliitazama kompyuta yake, pale pale alipoiacha asubuhi, kiti kimesukumwa nyuma, mistari ya salamu ikimetameta kwenye kioo. Hapo ndipo alipojibu kwa sentensi moja, mpaka Mung'aro akataka ofisi ifungwe kwa sherehe:

"Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani."